Kiganja cha Masizi

"Acha hapo, binti. Nakuomba usiendelee."

Mkono wangu ulikwama hewani. Nilikuwa nimeinamia picha katika chumba kidogo nyuma ya sakristia, kijiti chenye pamba mkononi, na sikuwa nimesikia mlango ukifunguliwa. Mlangoni alisimama mama mzee, Mmarekani mweusi, mrefu, koti lake la mvua likichuruzisha maji sakafuni. Sikuwahi kumwona. Kilichonishtua zaidi ni Kiswahili chake, kilichonyooka kama cha mtangazaji wa redio.

"Shikamoo," nilisema, maana hilo ndilo neno lililonijia.

"Marahaba." Alifunga mlango, akasogea hadi mezani, akaitazama pamba yangu. Ilikuwa nyeusi tii. "Umekwisha kutoa kiasi gani?"

Nikamwonyesha. Kwenye kona ya kushoto ya picha, katikati ya weusi, palikuwa na kidirisha cha ukubwa wa stempu. Ndani yake lilionekana jicho la mtu, limefunguka, likitazama upande alikolala Mtoto. Nilikuwa nimelifikia dakika kumi zilizopita, na moyo ulikuwa bado unanidunda kwa furaha.

Yule mama hakufurahi. Alivuta kiti, akaketi, akafumba macho kidogo.

"Masizi hayo ni ya mama yangu," alisema.

Ngoja nieleze kwanza picha yenyewe. Ni picha ya kuzaliwa kwa Yesu, na nikiisimamisha chini hunifika kifuani. Haina bei kubwa: ni nakala, iliyochorwa na mtu asiyejulikana zaidi ya miaka mia iliyopita, akifuata namna ya wachoraji wa Italia wa zama za Mwamko, miaka kama mia tano iliyopita. Baadhi ya wachoraji wale walipenda kuichora Noeli kama usiku. Hawakuanza na turubai jeupe. Walilipaka kwanza rangi ya udongo, kahawia iliyokolea, kisha wakautoa mwanga humo kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka. Tena mwanga wenyewe hauingii kwa dirisha wala haushuki mbinguni. Unatoka kwa Mtoto, pale alipolazwa kwenye majani makavu, ukagusa kidevu cha Mama yake, mikono ya wachungaji, pua ya ng'ombe. Kilichobaki gizani kiliachwa gizani kwa makusudi.

Nilipokuwa mdogo Musoma, kalenda ya parokia yetu ilikuwa na picha ya namna hiyo kwenye ukurasa wa Desemba. Umeme ukikatika, mama aliwasha koroboi chini yake, nami ningeapa kwamba anayewaka ni yule Mtoto. Hiyo ndiyo sababu nilikuja Maryland, Marekani, kusomea utunzaji wa picha za kale. Siku ya kwanza darasani niliposimulia habari ya koroboi wenzangu walicheka, lakini kwa wema, na mmoja akanikopesha sweta.

Sisi Waswahili wa huku, Watanzania, Wakenya na Wakongo, tuna misa yetu hapo Bladensburg kila Jumapili saa nane mchana. Picha ile huning'inia kushoto kwa altare, na ina jambo moja tulilolitania siku zote: Yosefu hayumo. Yupo Mama, yupo Mtoto, wachungaji watatu, ng'ombe; upande ambapo ungetegemea kumwona Yosefu ni weusi mtupu.

"Yuko shifti ya usiku," Anti Rosemary husema, na wale wanaokesha kuwahudumia wagonjwa ndio hucheka kuliko wote.

Anti Rosemary ndiye aliyenipa chumba kwake Riverdale Park nilipohitimu mwezi Desemba. Ndiye pia, kwa nia njema kabisa, aliyeisugua picha ile kwa mafuta ya nazi kabla ya Kwaresima ili ing'ae. Iling'aa wiki moja. Kisha ikaanza kunata, vumbi likaganda juu yake, na Padri Dunstan akaniita pembeni.

"Ghati, si ndiyo kazi uliyosomea? Mwondolee dada yetu aibu."

Nilikubali upesi, kwa sababu niliihitaji kazi hiyo kuliko Padri alivyojua. Viza yangu iliniruhusu kukaa siku tisini bila ajira baada ya masomo, na kujitolea saa chache kanisani hakukuhesabiwa kuwa ajira. Bi Anna, mwenye karakana ya kutengeneza picha kule Silver Spring, alikuwa akitafuta mwanagenzi mmoja. Alitaka kila mwombaji amwonyeshe picha moja aliyoisafisha peke yake, tangu mwanzo hadi mwisho. Siku ile ya mvua, nilipoliona jicho likitokeza katika weusi, nilijua nimempata Yosefu, na nikaamini nimeipata kazi. Siku zangu zilikuwa zimebaki thelathini na moja.

Sasa huyu mama alikuwa ameketi mbele yangu, mikono juu ya mkoba.

"Naitwa Malkia," alisema. "Jina hili nilijipa mwenyewe mwaka sabini na moja, nilipokuwa nasoma Kiswahili darasa la jioni, Washington. Mama yangu alikataa kulitamka hadi anafariki. Alikuwa akisema, malkia gani anajioshea vyombo?"

Nilicheka kabla sijajizuia. Naye alicheka, na koti lake likadondosha maji zaidi.

Mama yake alikuwa mfagizi wa kanisa hilihili. Mwaka sitini na nane kaka yake Malkia alipelekwa vitani Vietnam. Tangu siku hiyo, kila jioni alipomaliza kupiga deki, yule mama aliwasha mshumaa kwenye kinara cha chuma kilichosimama chini kabisa ya kona ya kushoto ya picha. Paroko wa wakati ule alimwambia akisogeze kinara, moshi unaharibu picha. Alikisogeza mchana, jioni akakirudisha.

Niliogopa kuuliza, lakini niliuliza. "Kaka yako alirudi?"

"Alirudi. Miezi kumi na tatu, akarudi na miguu yake yote miwili, na akaoa, na akanenepa." Malkia alitabasamu. "Nikadhani mambo ya mishumaa yamekwisha. Mama akaendelea. Nikamwambia, mama, mtoto si amekwisharudi? Akanijibu, niliomba kila siku, kwa hiyo kushukuru nishukuru siku moja tu? Aliwasha miaka kumi na tisa, binti. Maombi yapo hapo chini kabisa, membamba. Hayo mengine yote uliyokuwa unayafuta ni asante."

Nilitazama karatasi niliyokuwa nimeijaza asubuhi ile, mahali pa kuandika hali ya picha. Nilikuwa nimeandika: *kona ya kushoto, uchafu mzito*. Uso ulinichoma kwa aibu.

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Ungejuaje?" Alisema bila ukali. "Hata mimi sikujua kama ningekukuta. Jumatatu nahamia Detroit kwa binti yangu, sidhani kama nitarudi tena. Nilipita kuiaga kona hii tu, nikakuta ukuta mtupu. Nikasikia mtu humu."

Shuleni tulifundishwa kuacha kijisehemu kidogo cha picha bila kukisafisha, pembeni kabisa, ili watakaokuja baadaye wajue ilivyokuwa kabla hatujaigusa. Tunakiita shahidi. Nikamweleza hivyo, nikamwambia kwamba safari hii shahidi atakaa hapohapo kwenye masizi.

"Ukubwa gani?" aliuliza.

"Sema wewe."

Alinyoosha mkono wake wa kulia juu ya weusi, bila kuugusa, vidole vimekusanyika. Lile jicho dogo lilichungulia kando ya kidole gumba.

"Kiganja kimoja," alisema.

"Kiganja kizima, mama. Nakuahidi."

Masizi yaliyokwisha kushika pamba sikuwa na namna ya kuyarudisha mahali pake. Niliitia pamba hiyo katika kichupa cha kioo, nikakifunga, nikampa. Alikiweka mfuko wa ndani wa mkoba, mahali watu wanapoweka pasipoti. Kisha akaniandikia namba yake ya simu, akaniombea heri kwa Kiswahili cha vitabuni, akatoka kwenye mvua.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa miongoni mwa siku nzuri kuliko zote nilizoishi katika nchi hii. Mafuta ya nazi yaliondoka kwanza. Kisha ikaondoka vanishi ya zamani, iliyokuwa imegeuka rangi ya chai kavu, na kila siku Mtoto alizidi kuwaka. Nilitambua kitu ambacho vitabu vilinieleza bila mimi kukielewa: sikuwa nikiongeza mwanga hata chembe. Ulikuwepo muda wote, na giza lililouzunguka ndilo lililoubeba. Mchoraji angepaka kila mahali rangi nyeupe, Mtoto angepotea kama taa iliyowashwa saa sita mchana.

Kwenye ile kona nilisafisha kuzunguka kiganja cha Malkia. Kwanza ukatokea mkunjo wa joho, halafu goti, halafu mkono, na mkono ulishika mshumaa. Niliinuka nikazunguka meza mara mbili. Kuna mapokeo ya kale kwamba usiku ule Yosefu alikuwa na mshumaa, na mwanga wa Mtoto ukaufifiza. Wachoraji wengi waliuchora hivyo, kimshumaa cha mzee mwenye kujitahidi. Yosefu wetu alikuwa amesimama pale miaka yote na mshumaa wake, nyuma ya masizi ya mshumaa wa mwingine.

Njuguna, fundi Mkenya anayetengeneza kila kinachoharibika kanisani, alikuja kupima fremu. Alisimama mlangoni akapiga mluzi.

"Wee Ghati! Hii kitu ume-clean fiti sana. Lakini huyu mzee, mbona umemwacha bila uso?"

"Ana jicho."

"Jicho moja! Ni Yosefu ama ni askari wa doria?"

Alhamisi Bi Anna alifika. Ni Mmarekani mweupe wa miaka sitini hivi, vidole vyake vina madoa ya vanishi yasiyotoka. Alivaa miwani ya kukuzia, akaikagua picha nusu saa nzima. Mimi nilisimama nimekunja mikono kama ninayesubiri kuungama.

"Una mkono mzuri," alisema mwishowe. "Hii ngozi ya Maria hukuizidishia. Vijana wengi wanaikwangua hadi inafanana na plastiki." Kisha akaelekeza kidole kushoto. "Hapa je? Umeishiwa na muda?"

Nikamweleza yote, juu ya Malkia, mama yake, kaka yake, miaka kumi na tisa. Alivua miwani akanisikiliza mpaka mwisho, na kwa hilo namshukuru.

"Ni habari nzuri," alisema. "Iandike kwenye kibao, kitundike pembeni ya picha. Lakini shahidi huachwa ukingoni, Ghati. Hawekwi usoni mwa mtu. Wenzangu wawili wataiangalia kazi hii pamoja nami, na wataona mtu aliyeogopa sehemu ngumu."

"Sikuogopa."

"Mimi najua. Wao hawatajua, na yule mwombaji mwingine kazi yake imekamilika kila pembe." Alifunga mkoba wake. "Fungua uso huo. Ni kazi ya asubuhi moja. Nitumie picha Jumamosi kabla ya saa sita mchana, na nafasi ni yako."

Alisema hivyohivyo: nafasi ni yako. Siku zangu zilikuwa zimebaki kumi na saba.

Nilipofika nyumbani Anti Rosemary alikuwa anasonga ugali, amevaa tayari sare yake ya kazini. Aliusoma uso wangu, akanitaka nieleze, nikaeleza nikiwa nimesimama.

"Mpigie simu huyo mama," alisema. "Mweleze. Ni mtu mzima, ataelewa."

"Ataelewa. Hiyo ndiyo shida."

"Shida gani tena?"

"Nikimtajia viza, ataniambia nifute. Hatasita hata kidogo, Anti. Halafu atakata simu, abaki kule Detroit na kichupa chake. Nitakuwa nimemnyang'anya mama yake, tena kwa ruhusa yake mwenyewe."

Anti alisimamisha mwiko.

"We mtoto una kichwa kigumu kama cha Mkurya."

"Mimi ni Mkurya, Anti."

"Ndiyo maana!" Akacheka, akaupindua ugali kwenye sahani, akaipiga sahani kofi dogo kama anavyofanya siku zote. Halafu akasema taratibu, "Kaa ule. Serikali ina siku zake tisini. Chumba changu hakina."

Nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa ili asione macho yangu. Nimepewa vitu vingi katika nchi hii. Sijui kama kuna kilichonishibisha kama sentensi ile.

Jumamosi niliingia kanisani saa mbili asubuhi. Niliweka mezani chupa mbili, kushoto ya dawa ya kusafishia, kulia ya vanishi mpya inayopakwa kazi ikikamilika, na simu katikati. Kulikuwa na jua safi, na lilianguka moja kwa moja juu ya masizi hadi nikaona kwamba si meusi kama nilivyodhani. Yana ukahawia ndani yake, na mahali pengine yanang'aa kidogo, nadhani ni nta.

Sitaki kusema uongo. Nilichovya kijiti. Nilikishika juu ya kile kiganja, nikijua kwamba chini yake kuna shavu, ndevu, labda mdomo uliofumbuka kidogo kwa mshangao, na kwamba kwa miongo mingi hakuna mtu aliyeuona uso huo. Nilitaka kuuona. Malkia alikuwa mbali kwa mwendo wa siku nzima barabarani na asingejua kamwe. Nilihesabu siku zangu tena, kana kwamba zingekuwa zimeongezeka.

Kisha nikamfikiria yule mfagizi, ndoo imekwisha kumwagwa, aproni imelowa, mtoto wake yuko salama nyumbani analalamikia chakula, na bado anatafuta kiberiti.

Nilitupa kijiti. Nilifungua chupa ya kulia, nikachukua brashi pana, na sikuanzia katikati kama inavyofanywa. Nilianzia kona ya kushoto, juu ya masizi yenyewe, ili nisijiachie nafasi ya kubadili mawazo. Vanishi ilipopita, weusi ulizidi kina, na jambo nililokuwa sijaliona likaonekana. Mkono wa Yosefu uko chini kidogo ya kile kiganja. Mshumaa wake unaelekea juu. Ukirudi nyuma hatua tatu, masizi yanaonekana kana kwamba yanapanda kutoka kwenye mwali wake.

Saa sita kasoro dakika tano nilipiga picha nzima, pamoja na ile kona, nikamtumia Bi Anna.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi. Njuguna alipanda ngazi, akaining'iniza picha, watu wakasogea na matawi yao mikononi. Padri Dunstan aliwasimulia habari ya yule mama na mishumaa yake, akaishia hapo. Nilikuwa nimemwomba asiseme mengine. Sauti ya Anti Rosemary ikatoka nyuma.

"Kumbe hakwenda shifti! Alikuwa hapahapa, amezibwa na moshi!"

Kanisa zima lilicheka, naye akaja mbele kwa madaha akaweka chini ya kona mshumaa wa betri, kwa kuwa nilikwisha kupiga marufuku moto na mafuta ya kila aina.

Jibu la Bi Anna lilikuwa limeingia wakati wa somo la pili. Lilikuwa fupi na la heshima. Nafasi wamempa yule mwingine. Yeye binafsi ataniandikia barua ya kunipendekeza popote nitakapoomba. Ninapoandika haya zimebaki siku kumi na mbili. Nimeomba kazi sehemu sita, na barua yake iko mbele kwenye kila bahasha. Nikirudi Musoma, nitarudi nikiwa nimemwona Yosefu, japo jicho moja. Silalamiki. Mtu aliyepewa chumba, ugali, na siri ya miaka kumi na tisa hana sura ya kulalamika.

Watu walipokwisha kutoka kwenda kunywa chai ukumbini, nilimwita Njuguna anishikie simu. Nilipanda vidaraja viwili vya ngazi yake, nikanyoosha mkono wa kulia mbele ya masizi, vidole vimekusanyika, bila kugusa. Weusi ulijaa kiganja changu sawasawa, na jicho likachungulia kando ya kidole gumba.

"Sasa hiyo picha ni ya nini?" Njuguna aliuliza. "Mkono umeziba kila kitu."

"Wewe piga tu."

Alipiga. Nikaituma Detroit, na chini yake nikaandika: *Kiganja kizima, mama.*